Pawa saplai ipi ya kuaminika kwa kompyuta ya mezani? Nataka kuweka kadi ya grafiki

Kijana_wa_Data

Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa kuchagua pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kabla hela haijanitoka mkononi. Nina kompyuta ya mezani ile ya maofisini, nilinunua ikiwa imeshatumika, prosesa i5-4590, RAM 16, SSD moja na diski ngumu moja ya zamani ya kuhifadhia vitu. Mwaka na nusu sasa haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Sasa nimeanza kujifunza kuediti video na jioni napenda gemu kidogo, nimepata kadi ya grafiki GTX 1660 Super, imetumika lakini nzima, nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi kwenye mashine ya jamaa. Tatizo kadi ina tundu la pini nane kwa juu linataka waya wa umeme kutoka kwenye pawa saplai na yangu haina huo waya, nimefungua kasha nimepekua mpaka nyuma ya diski hakuna kitu. Lebo ya pawa saplai imeandikwa 290W.

Mbele yangu kuna mbili. Ya kwanza ni 600W, jina lake sijawahi kulisikia popote, mpya kwenye boksi, feni yake inawaka taa. Ya pili ni 450W ya kampuni inayojulikana, ina alama ya ufanisi wa umeme ya 80 PLUS Bronze, na bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Mimi kwa hesabu zangu naona 600 ni kubwa kuliko 450 kwa hiyo niichukue hiyo, halafu nimesoma mahali Bronze ni asilimia 85, maana yake ile ya 450 si inabaki kama 380 tu? Ila tena naogopa ya 600 itanilia umeme mwingi. Nimechanganyikiwa. Hii mashine ndiyo ninayofanyia kazi zangu zote, ikiungua sina nyingine.

Pilipili_Kavu

Mkuu chukua ya 450 usiku ulale usingizi. Pawa saplai ndiyo kitu pekee kwenye kompyuta ambacho kikifa kinaweza kuondoka na wenzake.

Mtulivu77

Mbona mnamtisha mwenzenu, kuna adapta ya kutoa umeme kwenye ile plagi ya SATA, upande mmoja unachomeka plagi ya diski upande mwingine unatoka pini nane za kadi. Unabaki na hiyo 290W yako hununui kitu. Mimi nimeona watu wanatumia.

FundiTaratibu

Mtulivu77 ndugu yangu, hapo hapana, na nitasema kwa namba ili isionekane ni ubishi. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila pini imepangiwa kubeba ampia 1.5. Tatu mara moja na nusu ni ampia 4.5, zidisha kwa volti 12 unapata wati 54. Tundu la pini nane la kadi ya grafiki limepangiwa wati 150. Sasa kadi ikianza kuvuta kwa nguvu, wati zile zote zinalazimishwa kupita kwenye vipini vyembamba kama sindano, plastiki inaanza kulainika, inageuka kahawia, na siku moja unasikia harufu. Mimi nimeshatoa plagi ya namna hiyo kwa koleo kwa sababu ilikuwa imeyeyuka na kuganda na mwenzake, diski ya mtu ilikuwa upande wa pili wa waya huohuo. Tafadhali usimshauri mtu tena hiyo kitu.

Kijana_wa_Data, turudi kwako. Umeuliza maswali matatu kwa mpigo, nayajibu moja moja.

Kwanza hilo la asilimia. Wati 450 zilizoandikwa ni zile inazozitoa kwenda ndani ya kompyuta. Asilimia ni hasara inayotokea kati ya ukutani na ndani. Tuseme mashine yako inataka wati 250. Pawa saplai yenye ufanisi wa 85 itavuta ukutani kama 294, zile 44 zinageuka joto. Yenye ufanisi wa 70 itavuta 357, yaani wati 107 ni joto tupu linalopikia vyombo humohumo ndani ya kile kiboksi. Kwa hiyo 450 yako ni 450 kamili, hakuna kinachopungua.

Pili kuhusu kula umeme. Mtungi ukiwa mkubwa haimaanishi utakunywa maji mengi, unakunywa kwa kadiri ya kiu yako. Pawa saplai ya 600 ikiwa kompyuta inataka 100 itatoa 100. Hilo lisikusumbue.

Tatu, na hapa ndipo penyewe, hiyo namba kubwa ya kwenye boksi usiiangalie kabisa. Geuza pawa saplai utaona lebo yenye jedwali dogo, kuna safu ya +3.3V, +5V, +12V. Soma ampia za +12V. Prosesa inakula kwenye 12, kadi ya grafiki inakula karibu yote kwenye 12. Zidisha ampia hizo mara 12, hiyo ndiyo pawa saplai yako halisi, mengine ni mapambo. Niletee namba za hizo mbili tuziangalie.

Kijana_wa_Data

Asante sana mkuu. Nimepiga picha zote mbili, nanukuu hapa.

Ile ya 600W: +3.3V 24A, +5V 30A, +12V 16A, -12V 0.5A, +5VSB 2A.

Ile ya 450W: +12V imeandikwa 37A. Hizo nyingine +3.3V na +5V ni ndogo kidogo, na chini kuna mstari unasema +12V peke yake ni wati 444.

FundiTaratibu

Umejionea mwenyewe. Ya kwanza 16 mara 12 ni wati 192. Mia na tisini na mbili! Sasa GTX 1660 Super peke yake imepangiwa wati 125, i5-4590 ni wati 84, hapo tayari ni 209 hujaweka mazabodi (ile bodi kuu), RAM, diski, feni. Ukiziongeza hizo weka 40 mpaka 50 nyingine, ingawa si zote ziko kwenye 12. Yaani hiyo inayoitwa 600 haiwezi kuibeba mashine yako ikiwa kazini, itazima katikati ya kazi, na kuzima ndiyo bahati nzuri.

Halafu jumlisha safu zote za hiyo lebo, nimejumlisha mimi, hata ukizikamua zote kwa wakati mmoja hazifiki 440. Mia sita imetoka wapi? Haipo. Lebo yenyewe inamkana aliyeiandika.

Na ukiona +3.3 na +5 zina ampia nyingi halafu 12 ina chache ujue huo ni mchoro wa zamani sana. Enzi zile prosesa zilikuwa zinakula kwenye 5 na 3.3, mpaka ilipokuja Pentium 4 mwaka 2000 na ile plagi ya pembeni ya pini nne, ndipo mzigo ukahamia kwenye 12. Kuna watu mpaka leo wanatengeneza kwa mchoro ule wanabandika namba mpya.

Ya 450 inatosha na inabaki. Kadi hii wenyewe NVIDIA wanapendekeza pawa saplai ya 450W, na mashine yako kwa hesabu ile haifiki huko.

Bi_Saketi

Naunga mkono yote ya Fundi ila naongezea kwenye hiyo 80 PLUS maana naona watu wengi wanaichukua kama cheti cha ubora wa kila kitu. Kile ni kipimo cha ufanisi tu. Wanapima kwa mzigo wa asilimia 20, 50 na 100, kwenye joto la nyuzi 23, ndani ya kasha lako wakati wa gemu hakuna nyuzi 23. Hawakuambii ndani kuna kapasita (vile vikopo vinavyohifadhi chaji ya umeme) za aina gani, wala kama ulinzi wa kuzima pale waya zinapogusana unafanya kazi. Pawa saplai ya Bronze inaweza kuwa nzuri sana na nyingine ya Bronze ikawa ya kawaida tu. Na stika mtu yeyote anaweza kuprinti, ndio maana wenye mpango wa 80 PLUS wana orodha yao kwenye tovuti, unaingiza jina la modeli unaona kama ipo. Dakika mbili tu, fanya hivyo.

Mimi kitu ninachoangalia cha kwanza ni waranti. Kampuni inayotoa miaka mitano na kuendelea imeshapiga hesabu zake, haiwezi kukubali kubadilisha nusu ya mzigo wake bure. Anayetoa miezi sita naye amekuambia kitu. Cha pili natafuta riviu ya modeli ileile, siyo ya kampuni, modeli! Corsair, Seasonic, be quiet!, Cooler Master, wote hao wana mistari tofauti, kuna ya juu na kuna ya kupunguza gharama, na majina mengi unayoyaona hayatengenezi yenyewe, yanaagiza kwa viwanda vingine na kubandika jina. Riviu nzuri ni ile ambayo mtu amefungua kiboksi na kuweka mzigo wa kweli na kupima, siyo anayesifia rangi ya waya.

Na ishike mkononi. Zilinganishe hizo mbili uzito.

Kijana_wa_Data

Dada umenifanya nicheke mwenyewe kwa mshangao, nimezishika zote mbili sasa hivi. Ile ya 600 ni nyepesi kama boksi tupu la viatu, nikitikisa kidogo feni inagonga. Ile ya 450 ni nzito kweli na waya zake ni nene, zile za 600 zinapinda kama uzi.

Bi_Saketi

Angalia kwa karibu kwenye ganda la waya wenyewe, kuna maandishi madogo yameprintiwa, utaona neno AWG na namba. Nzuri huwa ni 18. Ukikuta 20 au 22 kwenye waya wa kupeleka umeme mkubwa ni nyembamba, maana hapo namba ikipanda waya unapungua unene, watu wengi wanadhani kinyume.

Huo uzito unatoka kwenye vitu vya kweli: vipande vya alumini vya kupoozea, koili za shaba, kapasita kubwa. Nilishaletewa moja iliyokufa ya namna hiyo nyepesi, ilikuwa imekaa bila umeme wiki nzima ndipo nikaifungua. Pale kwenye bodi penye mchoro wa koili ya kuchuja umeme unaoingia, koili haipo, wameziba kwa vipande viwili vya waya. Nafasi ya kapasita nne imewekwa mbili. Na hizo mbili zimevimba kichwani kama andazi, moja imepasuka ule msalaba wa juu na kumwaga utomvu wa kahawia. Zilikuwa za kuvumilia joto mpaka nyuzi 85. Kwenye pawa saplai za maana utakuta kapasita za nyuzi 105, na kapasita kila joto likishuka nyuzi 10 umri wake unakaribia kuzidi mara mbili, kwa hiyo tofauti ya 85 na 105 si ndogo, ni miaka.

Na wewe uliyesoma hapa usiende kufungua pawa saplai yako uone! Kapasita kubwa ya mbele inabeba zaidi ya volti 300 na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Mimi ni kazi yangu na bado nilisubiri wiki na nikapima kwanza.

Waya_Mwekundu

Jamani kabla hajalipa kuna mtu amemuuliza ni kompyuta ya modeli gani? Amesema ya maofisini. Zile za maofisini nyingi plagi kuu ya mazabodi siyo ile ya pini 24 ya kawaida. Kijana hesabu pini za plagi kubwa inayoingia kwenye mazabodi kutoka kwenye pawa saplai utuambie, na modeli ya mashine.

Kijana_wa_Data

Ni Dell OptiPlex 9020, lile kasha refu. Nimehesabu mara tatu na tochi ya simu. Plagi kubwa ni pini 8 siyo 24. Na kuna nyingine ndogo ya pini 4 karibu na prosesa. Ile ya 450W plagi yake ni 24 haitaingia hata kwa dawa. Kwa hiyo ndio basi? Nimekata tamaa kidogo wakuu.

Waya_Mwekundu

Usikate tamaa bado. 3020, 7020 na 9020 ndivyo zilivyo, pini 8. Kuna adapta kabisa inayotengenezwa kwa ajili hiyo, upande mmoja unachomeka pini 24 za pawa saplai ya kawaida, upande mwingine zinatoka pini 8 za mazabodi yako. Ile ya pini 4 ya prosesa ni ya kawaida haihitaji adapta, pawa saplai mpya itakuwa na plagi ya 4+4 inayogawanyika katikati, unatumia nusu. Na kwa kasha hilo refu pawa saplai ya kipimo cha ATX inakaa, upana milimita 150, kimo 86. Angekuwa na lile kasha jembamba tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa.

Ila sikiliza hapa kwa makini sana. Adapta ilingane na modeli yako, jina la modeli liwe limeandikwa kwenye maelezo yake. HP nao wana zao, Lenovo nao wana zao, na ndani ya kampuni moja zinabadilika kizazi hadi kizazi. Unaweza kukuta plagi mbili zina idadi ileile ya pini lakini waya zimepangwa tofauti. Dell wenyewe kuanzia kama 1998 walikuwa na mashine ambazo plagi yake kwa macho ni ATX kabisa, inaingia vizuri, lakini volti zimehamishwa nafasi. Ukiweka pawa saplai ya kawaida, mazabodi inaungua.

Mimi hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kununua adapta ya pini kwa mtu aliyeniapia kwamba zote ni sawa tu, nikachomeka kwenye mashine ya mdogo wangu aliyokuwa anaitumia kwa masomo, nikabonyeza kitufe. Kulikuwa na mlio mdogo tu, kama mtu amevunja kijiti, halafu moshi mwembamba ukapanda karibu na nafasi za RAM. Mazabodi ilikufa palepale. Kumweleza yule mtoto ilikuwa ngumu kuliko hata hasara yenyewe. Tangu siku hiyo adapta yoyote ile nakaa na multimita (kipimo cha umeme) na mchoro wa pini, naangalia waya mmoja mmoja unatoka wapi unaenda wapi kabla haijagusa mazabodi.

Mtulivu77

Waya_Mwekundu pole sana ndugu. Na mimi ile habari ya SATA nimeiondoa kichwani, namba za Fundi zimenielewesha.

Swali langu lingine ila, kwa nini asibadilishe tu kadi? Kuna kadi hazina tundu la umeme juu kabisa, zinakula kwenye nafasi ya mazabodi tu. Anabaki na pawa saplai yake aliyoizoea.

FundiTaratibu

Mtulivu hapo umesema la maana na Kijana ulifikirie kweli. Nafasi ya PCIe ya kadi inaweza kutoa mpaka wati 75. GTX 1050 Ti na nyingi kati ya GTX 1650 zinakaa humo. NVIDIA wanasema 300W kwa hizo, wewe una 290, lakini i5-4590 na SSD moja hazifiki mbali, 75 na 84 ni 159, bado kuna nafasi. Na pawa saplai ya asili ya mashine za maofisini kwa kawaida lebo yake haidanganyi, 290 ni 290. Hapo hununui pawa saplai, hununui adapta. Angalia tu kadi yenyewe isiwe na tundu, maana GTX 1650 kuna zilizowekewa tundu la pini sita.

Ila kwa kuediti video na kadi ya 1660 Super umeshaipata kwa bei nzuri, mimi ningeenda na adapta na ile 450. Pawa saplai nzuri utahama nayo mpaka mashine ijayo, kadi ndogo utaichoka.

Kijana_wa_Data

Nimefikiria siku mbili nzima. Naenda na 450W na adapta, nimepata adapta imeandikwa kabisa 3020/7020/9020. Nipeni utaratibu wa kuunganisha, nataka nifanye mwenyewe nijifunze.

FundiTaratibu

Safi. Fanya hivi, taratibu, siku ambayo huna haraka.

Kwanza ijaribu pawa saplai ikiwa nje peke yake, haijaunganishwa na chochote isipokuwa ile diski ngumu yako ya zamani kama haina kitu cha maana, au feni. Kwenye plagi ya pini 24 kuna waya mmoja tu wa kijani. Chukua kipande cha waya au klipu ya karatasi uinyooshe, unganisha tundu la kijani na tundu lolote jeusi la jirani, halafu ndio uwashe swichi ya nyuma. Feni ikizunguka imeamka. Kama waya zote ni nyeusi, usibahatishe, tafuta mchoro, ni pini namba 16. Ziko pawa saplai ambazo feni haizunguki mpaka zipate joto kwa hiyo usihukumu kwa feni peke yake.

Kama nyuma kuna kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kinalingana na umeme wa ukutani kwako. Kikiwa kwenye 115 na ukuta una 230 utasikia mlipuko kabla hujatoa mkono. Za kisasa nyingi hazina, zinajipanga zenyewe.

Ukichomoa kila kitu ukutani bonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta sekunde kadhaa ili mabaki ya umeme yaishe, halafu toa ya zamani. Piga picha kabla hujatoa waya hata mmoja. Picha tano, sita.

Halafu hili nalirudia kwa kila mtu: plagi ya pini nane ya prosesa na plagi ya pini nane ya kadi ya grafiki zinafanana kama mapacha lakini zimegeuzwa, penye volti 12 kwenye moja ndipo penye ardhi (volti sifuri) kwenye nyingine. Ya prosesa inagawanyika 4+4, ya kadi inagawanyika 6+2. Kama plagi inakataa kuingia, imekataa kwa sababu. Usisukume.

Bi_Saketi

Na kama hiyo pawa saplai waya zake zinachomoka, zile za modula, tumia waya zilizokuja ndani ya boksi lake tu. Upande wa kompyuta plagi zote zinafuata kiwango kimoja, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Waya wa nyingine utaingia vizuri kabisa na kuchoma diski zako zote kwa sekunde moja.

Ukimaliza weka mzigo halafu upime kwa multimita, usiamini sana programu ya kusoma volti kwenye skrini, mara nyingi inakosea. Tumia ile plagi ya zamani ya pini nne, Molex, ambayo imebaki wazi, ncha nyeusi kwenye tundu jeusi, nyekundu kwenye tundu la njano. Inatakiwa iwe kati ya 11.40 na 12.60. Tundu jekundu iwe kati ya 4.75 na 5.25. Pima mashine ikiwa imetulia halafu pima gemu ikiwa inaendelea, ninachotaka ujue ni inashuka kiasi gani mzigo ukija.

Kijana_wa_Data

Wakuu wangu. Imewaka.

Nimetumia jumamosi yote, nilianza saa tatu asubuhi nikamaliza saa tisa alasiri kwa sababu kila hatua nilikuwa nasoma humu kwanza. Adapta niliipima waya kwa waya kama Waya_Mwekundu alivyosema, mlio wa multimita kila pini, nikaandika kwenye karatasi na kulinganisha na mchoro. Vidole vilikuwa vinatetemeka wakati wa kubonyeza kitufe. Sekunde mbili kimya, halafu feni ya kadi ikazunguka na skrini ikaja.

Vipimo: imetulia 12.09, gemu ikiwa inaendelea dakika arobaini 12.01. Ile ya 5 ni 5.04 na haikutikisika. Hewa inayotoka nyuma ni vuguvugu tu, ile ya zamani nilikuwa nikiweka mkono naona joto. Video ya dakika kumi ambayo zamani nilikuwa naiacha inajitoa mpaka nipike na kula, sasa hivi sijamaliza kuosha kikombe imeshakwisha.

Ile ya 600 niliirudishia mwenyewe nikamwonyesha hesabu ya lebo, alinyamaza akasema hajawahi kuzijumlisha.

Swali la mwisho, hii 290W ya zamani niiuze?

Waya_Mwekundu

Hongera sana kijana, umefanya kazi safi.

Usiiuze. Ndiyo pekee uliyonayo inayoingia kwenye mazabodi hiyo bila adapta. Siku mashine ikigoma kuwaka utaitoa kadi, utairudishia hiyo ya zamani, na utajua ndani ya dakika kumi kama tatizo ni pawa saplai, adapta au mazabodi. Iandike kwa kalamu nzito juu yake "9020, pini 8" ili mtu mwingine hapo nyumbani asije akaichomeka kwenye mashine nyingine, ifunge kwenye mfuko, iweke mahali pakavu.